Sahani ya Peke Yake

Kwao mume wangu kuna watu ambao hadi leo wakiniona wananong'onezana: huyo ndiye alilisha wazee majani. Wengine wanasema wakicheka, wengine hawacheki hata kidogo. Ni kweli, niliwalisha. Wazee wenye ng'ombe, wenye ardhi, wenye wake na wajukuu, niliwawekea managu, ile mboga wengine wanaiita mnavu, mbele yao mchana kweupe na nikasimama pale pale. Kama kuna anayengoja niombe msamaha, ajitafutie kiti, maana atangoja sana.

Niliolewa Kitengela mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati ukisimama kando ya barabara unaona nyumbu na punda milia kabla hujaona paa la mabati. Mimi ni mtu wa Ukambani. Kwetu mlo bila kitu cha kijani si mlo. Mama yangu angekosa nyama mwezi mzima asinung'unike, lakini akikosa majani ya kunde anaanza kugombana na kila anayepita. Mapapai tulikula tukienda shule na tukala tukirudi, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kuna umri ambao mtu akifika anaacha matunda.

Siku ya kuingia kwa wakwe zangu nilifanya kama desturi yao ya Kimaasai inavyotaka. Bibi arusi hafiki bomani na kuingia hivi hivi. Anasimama njiani, anakataa kusonga mpaka aahidiwe mnyama. Mawifi zangu walikuwa wamenifundisha jinsi ya kukataa, ingawa kwa kukataa mimi sikuhitaji mwalimu. Baba mkwe akatoka, mrefu, shuka nyekundu juu ya koti la suti, akaniangalia nilivyokaza shingo, akasema, "Nimekupa mbuzi." Nikaingia. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu, nami sikumwita baba. Kwa Kimaasai, watu waliopeana mbuzi wanaitana pakine, huyu kwa yule na yule kwa huyu. "Pakine, watoto wako salama?" "Wako salama, pakine." Mazungumzo yetu yalikuwa hayo tu, tena kwa mbali, kwa sababu katika boma lile mke wa mwana hakai karibu na baba mkwe, hali mbele yake, wala hamwambii la kufanya. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda.

Watu wa pale walipenda kusema, "Sisi ni watu wa maziwa na nyama." Zamani ilikuwa kweli, na nina hakika walikuwa na afya kuniliko. Lakini mimi nilipofika, ranchi yao ya pamoja ilikuwa imegawanywa, vipande vinauzwa kwa watu wa Nairobi, ng'ombe wamepungua, na maziwa yaliyobaki yalitosha kugeuza rangi ya chai. Chakula cha boma lile kilikuwa ugali, na chai iliyojaa sukari asubuhi, na chai nyingine kabla jua halijapanda, na ugali jioni, na chai tena ya kulalia. Nyama ilikuwa ya siku za bahati. Nikisema hivi naambiwa nadharau watu. Sidharau mtu. Mimi ndiye niliyeosha masufuria, kwa hivyo nilijua kilichopikwa.

Nilipanda sukuma na managu kwenye magunia nyuma ya jikoni, nikayanywesha maji niliyooshea vyombo, maana maji ya kisima cha pale yalikuwa ya chumvi na ya kuchota mbali. Mbuzi wakaja wakala. Nikapanda tena, nikazungushia miiba. Wifi yangu mkubwa alisimama akiniangalia, mikono kiunoni.

"Hii ni chakula ya mbuzi," akasema. "Sasa wewe ukikula ya mbuzi, mbuzi watakula nini?"

"Watakula wifi zangu," nikamjibu, na tukanuniana wiki nzima.

Matunda nayo yalikuwa ya watoto. Mwanamume mzima hakuonekana na chungwa mkononi. Mume wangu, mtu aliyemaliza kidato cha nne na kuajiriwa kiwanda cha simiti Athi River, alikula machungwa niliyomnunulia akiwa amefunga mlango, na maganda akanipa niyafiche. Nilimwambia siku moja kwamba nimeona wanaume wakificha pombe, wengine wakificha wanawake, lakini anayeficha chungwa nilikuwa sijamwona.

Basi tungeishi hivyo hivyo, kila mtu na mdomo wake, kama si kidonda cha baba mkwe.

Lazima niseme kwanza mzee yule aliishi kwa ajili ya nini. Siku ya soko la mifugo alisimama barabarani akapanda basi la Namanga mpaka Kajiado, hata kama hakuwa na mnyama wa kuuza. Alienda kuangalia. Watu waliokuwa wakibishana juu ya fahali walimwita. Alimzunguka yule fahali polepole, akapapasa nundu, akarudi nyuma, akazunguka tena, kisha akasema neno moja na ubishi ukaisha. Nyumbani alikuwa mkimya. Kule sokoni, mume wangu aliniambia, alikuwa mtu mwingine kabisa.

Mwiba ulimchoma kwenye kidole cha mguu, akautoa, akaendelea na shughuli zake. Kidonda hakikupona. Kiliendelea mpaka harufu yake ikatufikia jikoni. Tulimpeleka kliniki moja pale Kajiado, mume wangu mbele naye, mimi nyuma na chupa ya chai. Daktari akampima, akasema ni ugonjwa wa sukari na umekaa siku nyingi. Dawa atapewa, lakini dawa peke yake haitafika mbali. Sukari aache, ugali apunguze, nusu ya sahani iwe mboga, tunda kidogo kila siku. Bila hivyo mguu utaoza na itabidi ukatwe.

"Ukatwe wapi?" mzee akauliza.

Daktari akaweka kiganja chini ya goti lake. Mzee akaangalia mahali pale muda mrefu. Tukiwa kwenye basi tukirudi, akamwambia mwanawe kitu kimoja tu: "Mtu wa mguu mmoja anazungukaje fahali?" Nilikuwa kiti cha nyuma, nikasikia. Nilimpenda mzee yule, na sijui kama nilikuwa nimewahi kujiambia hivyo kabla ya siku ile. Nikakata shauri kwamba mguu ule hautakatwa maadamu mimi ndiye ninayepika.

Nikapika kila nilichokijua. Kunde za kwetu, zilizolainishwa na malai ya maziwa. Kabeji iliyokatwa nyembamba. Mchicha na nyanya. Nilimtengea sahani yake nzuri, yenye maua, nikaifunika kitambaa safi, nikampa mama mkwe ampelekee. Sahani ikarudi kama ilivyoenda. Kesho yake nikapika kingine, ikarudi. Mbwa wa boma lile alinenepa kwa mboga zangu. Mzee alikunywa chai yake bila kitu, akatazama nje.

Wifi yangu akasema namuua baba yao kwa njaa. Akina mama wa kanisani wakanishauri niombe, niache kushindana. Niliomba. Halafu nikarudi jikoni nikapika.

Siku zile zile chifu aliitisha baraza, akaja mhudumu wa afya na picha kubwa kwenye karatasi, ya mtu aliyevaa tai akitabasamu na kipande cha papai mkononi. Akasema watu wazima pia wanahitaji mboga na matunda, si watoto tu. Katika wazee waliokaa mbele kulikuwa na mmoja mwenye sauti kubwa, wa rika moja na baba mkwe. Walitahiriwa msimu mmoja na wakawa morani pamoja. Akanyoosha fimbo kwenye picha, akauliza, "Huyu ako na ng'ombe ngapi?" Baraza zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, kusema kweli, na nikiwa bado nacheka nikakasirika. Mguu uliokuwa unaoza haukuwa wa mtu wa kwenye picha.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe. Alikuwa akisafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto kama kawaida yake, nami nimemrushia mbwa sahani nyingine na maneno juu yake.

"Wewe unapika vizuri," akasema bila kuinua kichwa. "Lakini unamtenga."

"Namtenga aje, yieyo?" nikauliza, nikimwita mama kwa Kimaasai. "Daktari ndio alisema awe na chakula yake."

"Huyu mzee tangu awe moran hajakula peke yake. Moran akikunywa maziwa bila mwenzake, hiyo ni aibu, hata wasichana wanamwimba. Wengine wakizeeka wanaacha hiyo mambo. Yeye hajaacha. Nikimpikia nyama si unaona anangoja? Anangoja nani?"

Nikafikiri. Ni kweli alikuwa akingoja. Miaka yote ile niliona nyama imekaa mbele yake haiguswi mpaka mzee mmoja wa rika lake apite, na nilidhani anangoja ipoe.

"Sahani yenye hakuna mtu mwingine anaweka mkono," mama mkwe akasema, "hiyo ni sahani ya mtu anaenda kufa. Na wewe unamletea kila siku, tena na kitambaa juu."

Nilikaa kwenye kigoda nikaacha kelele. Sote tulikuwa tumebishana juu ya mboga, mimi, daktari, wifi yangu, watu wa barazani, na mzee hakuwa amezikataa mboga kamwe. Hakuwa hata amezionja. Alikuwa tayari kupoteza mguu kuliko kula peke yake, na sisi tulimwona mkaidi. Sikulia. Hasira yangu nilikuwa nayo bado, niliigeuza tu upande wa pili, ikawaelekea wazee wenzake.

Wenzake wa karibu walikuwa wawili, yule mwenye sauti kubwa na mwingine mkimya wa boma la jirani. Siku ya soko, kama mzee hangeweza kwenda, wao walipitia kwetu wakitoka Kajiado wampe habari za bei. Nikamwambia mume wangu achinje mbuzi mmoja wa uzao wa yule niliyepewa siku ya kuingia. Alipojua nataka kumpika na nini, akashika kichwa.

"Unataka kuniaibisha mbele ya wazee?"

"Nataka baba yako abaki na miguu miwili. Chinja."

Akachinja. Nikapika kwenye sufuria moja, nikapakua kwenye sinia moja, pana. Ugali kidogo upande, nyama katikati, na managu kila mahali palipobaki, yasiyofichwa chini ya kitu chochote. Chai ilikuwa bila sukari. Sikumpa mama mkwe apeleke. Nilibeba mwenyewe, nikaweka chini mbele yao watatu, nikainama kwa heshima kama inavyotakiwa. Halafu sikuondoka.

Yule mwenye sauti kubwa akaangalia sinia. "Hii ni nini?"

"Ni managu, baba."

"Ni majani."

"Ndiyo, ni majani."

"Ya nani?"

"Ya nyinyi wote." Nikaweka kiganja chini ya goti langu. "Daktari alisema pakine asipokula hii, mguu unakatwa hapa. Na pakine hawezi kukula peke yake, hiyo nyinyi mnajua kuniliko. Kwa hivyo huo mguu uko kwa mikono yenu. Mkikataa, mkatae mkimwangalia."

Nyuma ya ukuta nilimsikia mume wangu akikohoa. Baba mkwe alikuwa anaangalia fimbo yake. Yule mzee mkimya akashika rungu lake, akainuka, nami nikasema moyoni, basi, nimeharibu, anaenda kuwaambia watu wote nilivyowatukana. Akatembea mpaka kwenye mtungi, akamimina maji, akanawa mikono. Akarudi, akakaa, akatia mkono kwenye managu.

Yule mwingine akamwangalia akitafuna. Akachukua kidogo kwa ncha za vidole, akaweka mdomoni, akakunja uso.

"Ni chungu."

"Ndiyo, baba."

"Chungu kama ile supu ya mizizi tulikuwa tunakunywa porini tukiwa moran." Akachukua tena, mara hii kwa mkono mzima. Halafu akamgeukia baba mkwe na ile sauti yake ya barazani. "Na wewe unangoja nini? Ukatwe mguu halafu mimi nikubebe mpaka Kajiado?"

Baba mkwe akanawa, akala. Nikageuka nikaenda jikoni, na huko ndiko nilikolia, mama mkwe akijifanya hanioni.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalinyooka. Vita vya sukari vilikuwa vikali kuliko vya managu. Mara ngapi nilimkuta mzee anajipakulia sukari na kijiko cha kupakulia supu, nikamnyang'anya, akaniita maneno ya Kimaasai ambayo mume wangu alikataa kunitafsiria. Kidole chenye kidonda kilikatwa. Mwaka wa ukame mkali hata managu yalikauka magunia yakabaki vumbi, nikawa naomba majani kwa akina mama wa sokoni Kitengela. Lakini mguu ulibaki. Mzee alirudi kwenye basi la Namanga, akirudi nyuma na kuzunguka fahali wa watu, akichechemea kidogo tu.

Na rika lile, likishaanza jambo, haliachi. Wake zao walinijia mmoja mmoja na malalamiko. "Mume wangu ameuliza mboga iko wapi. Miaka yote hajawahi uliza. Ni wewe umemharibu." Nikawaambia wapande. Wauza mboga pale Kitengela walizoea wazee wenye shuka wakiinama kwenye mafungu, wakiminya kila jani kwa ukali ule ule wa kununua ndama. Sokoni Kajiado walianza kununua machungwa, wakasimama pamoja wakayamenya, wakala hadharani, maganda yakaanguka miguuni pao na hakuna aliyethubutu kusema ni ya watoto. Mume wangu akaacha kufunga mlango. Wifi yangu alisema nimegeuza wanaume wote wa Kitengela kuwa mbuzi. Nikamwambia mbuzi hawapati kisukari.

Miaka ikaenda. Kitengela ikajaa maghorofa na uzio, nyumbu wakakosa njia ya kupita. Yule mwenye sauti kubwa ndiye aliyetangulia kufa, akiwa amezeeka vizuri. Yule mkimya akamfuata baada ya mvua ndefu za mwaka uliofuata. Baada ya mazishi yake, sinia nililompelekea baba mkwe lilirudi jikoni limejaa. Kesho yake likarudi tena.

Mume wangu alisema baba amezeeka, tumwache. Wifi yangu alisema ni majonzi, yatapita. Hakuna aliyesema lile jambo lenyewe, na nilijua wanalijua. Katika rika lake pale karibu hakuwa amebaki mtu. Alikaa kwenye kiti chake mbele ya nyumba, ameelekea njia ambayo wenzake walikuwa wakija nayo, na akawa anakonda.

Siku ya nne nilipika managu, nikatia kwenye sinia lile pana, nikatoka nalo. Nilichukua na kigoda. Nikaweka sinia chini mbele yake, nikaweka kigoda upande wa pili wa sinia, nikakaa. Wifi yangu alikuwa mlangoni, nikasikia amevuta pumzi kama mtu aliyemwona nyoka. Nilikuwa na nywele nyeupe mimi mwenyewe wakati huo, nami ni mama mkwe wa watu, lakini sikuwa nimewahi kutia tonge mdomoni mbele ya mzee yule. Nikanawa, nikatia mkono, nikala. Yalikuwa machungu na nilikuwa nimesahau chumvi.

Akaniangalia.

"Wewe si rika yangu."

"Najua, pakine."

"Wewe ni mwanamke."

"Hiyo pia najua."

"Toka hapo. Watu wanaona."

"Wacha waone. Sisongi."

Akaangalia njia, ilikuwa tupu. Akaangalia sinia. Akaniangalia tena, shingo yangu nimeikaza vile vile, na kitu kikabadilika usoni mwake.

"Nimekupa mbuzi," akasema.

"Sitaki mbuzi," nikamwambia. "Kula."

Akanyoosha mikono nimmiminie maji. Nikammiminia, akanawa, tukala.